Udongo Mwekundu Hunywa Rangi

Ikutha,
11 Februari 2024

Kasiva mwanangu,

Salamu nyingi. Usijaribu kunipigia simu, haitashika. Iliniponyoka ikaingia kwenye ndoo ya udongo wa maji, nami nikadhani ni kokoto, nikaikoroga pamoja na vingine. Nilipoipata ilikuwa na siku mbili tangu ife. Shemeji yangu Muthama alisema ataniletea nyingine akienda kuuza mbuzi huko Emali. Nikamwambia asihangaike. Mwalimu wa ngumbaru alinifunza kuandika kwa Kiswahili miaka yote hiyo iliyopita, na sijawahi kupata mtu wa kumwandikia. Sasa nimempata. Dereva wa gari la Kibwezi atakuwa akipitisha barua pamoja na vyungu.

Musyimi wetu ametimiza miaka minne kaburini wiki iliyopita. Nilifagia pale, nikamwambia wewe mke wake siku hizi unafanya kazi ya udongo kama mimi mama yake. Nadhani alifurahi.

Sasa hiyo poda yako ya rangi. Ulinitumia tini tatu, ya bluu, ya manjano na ya pinki. Nilichukua ile ya bluu nikaimwaga kwenye udongo wetu wa mtoni, nikaukanda kama unga wa chapati. Ukawa mzuri kama sare ya shule. Nikafinyanga chungu, nikakianika, nikakichoma. Kimetoka rangi ya tope la barabarani! Tini nzima imekwisha. Nimekutumia chungu chenyewe ukione kwa macho yako.

Mtoto wako hajambo. Wewe unamwita Muthoki mdogo, mimi namwita wajina wangu, maana siwezi kumwona mtu aliyebeba jina langu nikasema ni mdogo. Yuko gredi ya kwanza na anasoma kila kitu, hata mifuko ya unga. Kila asubuhi anauliza kama kikombe chake cha pinki kimeiva.

Mama mkwe wako,
Muthoki


Emali,
20 Februari 2024

Mwaitu,

Barua yako, mama, nimeisoma mara tatu, mbili nikicheka. Chungu nimekiweka dirishani. Bi Istahil, mwenye karakana, amekipenda, eti umbo lake hakuna mashine inayoweza kuliiga. Rangi hakuitaja.

Kosa ni langu, sikukueleza. Hii poda imeshachomwa kiwandani ikasagwa, ndiyo maana moto hauibadilishi sana. Ukiiona ya manjano kwenye tini, ikitoka motoni itakuwa ya manjano. Lakini udongo mwekundu hunywa rangi, hata ungemwaga tini kumi. Kwa hiyo usiitie kwenye udongo wa kufinyangia. Nimekutumia mfuko wa udongo mweupe na tini nyingine ya bluu. Pima vikombe tisa vya huo udongo ukiwa mkavu, na kikombe kimoja cha poda. Tia maji mpaka uwe kama uji wa mtoto mchanga. Kisha chuja kwa chujio la chai, halafu tena kwa kitambaa chepesi. Usipochuja, poda itabaki vidonge vidonge na chungu kitatoka na vidoa. Huo uji ndio unaopaka juu ya chungu chako chekundu kabla hakijakauka kabisa, kikiwa kigumu kama ngozi.

Na tafadhali, mwaitu, jifunge leso puani ukipima. Vumbi la poda si la kuvuta. Mtoto akae mbali mpaka iloweke.

Sisi hapa tumepata hasara kidogo. Mlango wa tanuri umelegea, joto likatoroka, na sahani kumi na mbili zimetoka bila kung'aa. Bi Istahil ameita fundi wa kuchomelea kutoka Kambu. Ni mtu wa polepole lakini kazi yake ni safi.

Mbusu wajina wako kwa niaba yangu. Mbusu mara mbili.

Wako,
Kasiva


Ikutha,
17 Machi 2024

Kasiva mwanangu,

Imekubali!

Manjano imetoka kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Cha kwanza kilishikwa na moshi, kikawa nusu cheusi kama sufuria ya shule. Nikakaa nikafikiri. Wewe una tanuri lenye mlango, mimi nina kuni na mavi ya ng'ombe. Basi nikachukua mtungi mkubwa wa zamani uliopasuka shingo, nikakiingiza chungu cha pili ndani yake, nikaufunika kwa vigae, nikawasha moto nje. Moshi ukabaki nje na chungu kikaiva peke yake mle ndani, kama mgeni aliyepewa chumba chake.

Kabla ya kuchoma nilikisugua kwa kokoto laini, ile aliyoniachia mama yangu. Pitisha kidole, utasikia. Hiyo poda yenu haina ujanja wa kokoto.

Muthama alipita akasema vyungu vya manjano ni vya watalii. Nikamwambia yeye anauza mbuzi wa rangi zote na hakuna anayemsumbua.

Huyo fundi wa Kambu amemaliza mlango?

Mama mkwe wako,
Muthoki


Emali,
5 Mei 2024

Mwaitu,

Nisamehe kwa kukawia. Mvua ilikata barabara na magari ya Kibwezi yakalala siku nyingi.

Nina habari njema. Bi Istahil aliweka vyungu vyako mezani na mtu wa hoteli moja akavishika, akakataa kuviachia. Ameagiza bakuli arobaini. Wewe utafinyanga, utapaka ule uji wa rangi na kuchoma. Mimi nitazipaka glezi, yale maji ya unga ambayo tanuri huyageuza kioo, na kuzichoma tena hapa. Jina la Ikutha litaandikwa chini ya kila bakuli.

Pinki ndiyo inanitesa. Niliitia poda kwenye glezi, ikawa nzuri kabisa ndooni, ikatoka tanurini kijivu kama majivu. Nimejaribu mara nne. Kuna kitu ndani ya glezi yetu kinachoila, na bado sijakijua. Mwambie Muthoki mdogo avumilie.

Kuna jambo jingine, mwaitu. Nimepanga chumba kikubwa zaidi, na shule iko hatua chache kutoka hapa. Ningependa mtoto aje kukaa nami kuanzia Januari. Miaka miwili ya kumwona likizo peke yake imenitosha. Naomba unichukulie barua ya uhamisho kwa mwalimu mkuu.

Mlango umetengenezwa tena, mara ya tatu sasa. Fundi Mutie anasema bawaba za kwanza zilikuwa nyembamba.

Wako,
Kasiva


Ikutha,
26 Mei 2024

Kasiva,

Bakuli kumi na nane ziko tayari, kumi za manjano na nane za bluu.

Nilienda shuleni. Mwalimu mkuu hayuko, amekwenda semina, na hakuna ajuaye atarudi lini. Sijui haraka ni ya nini. Januari iko mbali. Mtoto amezoea hapa, ana marafiki, ana mbuzi wake mwenye sikio moja. Huko Emali malori yanapita mchana na usiku.

Na huyo Mutie mwangalieni. Mlango mmoja, mara tatu kwa miezi mitatu? Mlango wangu wa choo ulichomelewa na mlevi na una miaka kumi na mmoja. Huyo ni mwizi, anaacha kasoro makusudi ili aitwe tena. Mwambie Bi Istahil atafute mwingine.

Muthoki


Emali,
16 Juni 2024

Mwaitu,

Mutie si mwizi. Hilo naweza kuapa.

Ile pinki nimeipata! Ilikuwa zinki. Glezi yetu ina zinki ndani yake, na zinki huila poda ya pinki. Bi Istahil alitafuta kwenye daftari lake la zamani akapata glezi nyingine isiyo nayo, nikajaribu, na asubuhi tulipofungua tanuri nilipiga kelele hadi wauza nyanya wakaja kuchungulia. Kikombe kimo kwenye hii parseli, kimefungwa ndani ya sweta. Sweta pia ni ya mtoto.

Nitakuja Agosti shule zikifungwa, nimchukue kwa wiki mbili. Kuna jambo ninalotaka kukueleza nikiwa nimekaa mbele yako. Halifai kuandikwa.

Wako,
Kasiva


Ikutha,
14 Julai 2024

Kwa Kasiva,

Halifai kuandikwa, lakini linafaa kuonwa na soko zima.

Muthama alikuwa Emali na mbuzi wake. Amekuona umekaa hotelini na mwanamume. Ulikuwa na poda ya bluu shavuni, na mwanamume huyo akaifuta kwa kidole, nawe ukamwachia shavu. Muthama aliuliza jina lake. Ni huyo wa mlango.

Miezi mitano unaniandikia mlango, mlango, bawaba, bawaba. Nami mjinga nikakuhurumia kwamba unaibiwa! Ndiyo maana ya chumba kikubwa. Ndiyo maana ya uhamisho.

Mtoto wa Musyimi ni wa boma hili. Agosti haji. Usitume gari wala usije.

Bakuli za hoteli nitazimaliza kwa sababu nilikubali.

Mama wa Musyimi


Emali,
11 Agosti 2024

Mwaitu,

Bakuli zimefika bila barua. Nilitafuta hadi ndani ya majani uliyofungia.

Kisha nikazitazama zenyewe. Za mwisho sita zina vidoa vya bluu, poda imekaa vidonge vidonge. Hukuchuja. Wewe hujawahi kutoa chungu mkononi mwako kikiwa na dosari hata ya ukucha. Nilikaa na hizo bakuli mapajani nikalia, kwa sababu nilijua ulizipaka ukiwa katika hali gani, na aliyekuweka katika hali hiyo ni mimi.

Muthama alisema kweli. Nilipaswa kukuambia kabla yake. Sikukuficha kwa dharau. Kila barua niliyokuandikia ilikuwa na mstari mmoja niliokuwa naukata. Nikiukata, linabaki neno fundi.

Mutie ana miaka arobaini. Mke wake alifariki akijifungua, na mtoto pia. Haongei sana. Mlango wa tanuri ulipona tangu Machi, mwaitu. Baada ya hapo alikuwa anakuja kuukagua, na Bi Istahil alikuwa anajifanya haoni. Hataki nimsahau Musyimi. Hata mimi sitaki, na sitaweza. Lakini nina miaka thelathini na mmoja, na jioni nikifunga karakana natamani kuwe na mtu wa kuniuliza rangi za leo zimetokaje.

Mtoto sitamchukua kwa nguvu. Agosti hii sikuja kwa sababu ulinikataza. Nikija nitasimama nje mpaka uniambie niingie.

Mama mzazi simkumbuki, na nyanya aliyenilea alikufa mara tu nilipoolewa. Wiki yangu ya kwanza hapo nyumbani ulinipa donge la udongo ukasema, "Kanda, uache kulia." Sina mama mwingine wa kumkosea.

Kasiva


Ikutha,
8 Septemba 2024

Kasiva mwanangu,

Ni kweli sikuchuja. Nilichukua kitambaa, nikakitazama, nikajiuliza namchujia nani. Nikakirudisha kwenye msumari.

Sasa nami niseme yangu. Mwalimu mkuu alikuwepo. Hakukuwa na semina. Barua ya uhamisho aliiandika siku ileile niliyoomba, akagonga muhuri, nami nikaja nikaificha chini ya gunia la udongo mweupe. Imeshika unyevu pembeni lakini inasomeka. Nilikulaumu kwa kunificha nikiwa nimekalia uongo wangu.

Wiki mbili zilizopita Muthama alikuja na wazee wawili wa ukoo. Akakohoa, akasema, "Mtoto wa Musyimi ni wa boma hili." Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, neno kwa neno. Halafu akaendelea pale mimi nilipoishia. Akasema mama yake asikanyage hapa tena, na mtoto asiambiwe habari zake. Kasiva, sikutaka kusikia zaidi. Niliwapa chai wakaondoka.

Wajina wangu alikuwa anaosha kile kikombe cha pinki, ambacho hataki mtu mwingine akioshe. Akaniuliza mimi nyanya yake, "Susu, mama amekosa nini?"

Ukweli ni kwamba naogopa kupika ugali wa mtu mmoja. Ni hilo tu. Nilikuwa naliita mila.

Njoo. Usisimame nje, majirani watanicheka. Njoo na huyo fundi wako. Mlango wangu wa jikoni haufungi vizuri, na safari hii nitahesabu ni mara ngapi anautengeneza.

Muthoki


Emali,
29 Septemba 2024

Mwaitu,

Tulirudi salama kutoka huko. Mutie hakusema neno mpaka Kibwezi. Hapo ndipo alipouliza, "Ule mlango unafikiri ameupenda?" Nilimwambia ukiona mtu ameufungua na kuufunga mara sita mbele ya wageni, ameupenda.

Asante kwa kumwacha mtoto alale katikati yetu, mimi na wewe. Asante kwa barua ya uhamisho. Nimeianika, imekauka.

Sasa nina swali na nimelizungusha wiki nzima. Watu wa Mutie huko Kambu wanataka kuleta mbuzi wa ntheo, wale watatu wa kufunga ndoa kimila, ili mambo yawe wazi. Wameniuliza wawapeleke wapi. Nilisema nitauliza, lakini sikujua nimwulize nani. Kwetu hakuna mtu. Boma la nyanya liliuzwa, na walionunua wamepanda ndengu hadi mlangoni. Bi Istahil amesema atawapokea yeye, Mungu ambariki, ila akauliza kama mbuzi hao huwa wanakuja na karatasi.

Naweza kuwaambia waache. Tunaweza kwenda kanisani moja kwa moja. Ni kwamba nisingependa niolewe kama mtu aliyeokotwa stendi.

Wako,
Kasiva


Ikutha,
13 Oktoba 2024

Kasiva mwanangu,

Unauliza mbuzi waletwe wapi? Walete Ikutha.

Najua wewe uliingia hapa kama mke wa mwanangu. Najua pia mbuzi wa kwanza walitoka kwenye zizi hili wakaenda kwa nyanya yako. Hawa watatu wataingia kwa mlango uleule. Muthama atasema haijawahi kuonekana. Nimemwambia aandae macho.

Mwambie Mutie waje Jumamosi baada ya Krismasi. Mimi nitafinyanga mtungi wa uki, pombe yetu ya asali, bila poda yoyote. Uki hautaki rangi.

Muthoki


Ikutha,
5 Januari 2025

Mwanangu Kasiva,

Mmeondoka jana na leo tayari nakuandikia. Kesho wajina wangu anaanza shule. Asivae ile sweta, shingo imelegea. Asipokula asubuhi usimlazimishe, hula saa nne. Akiulizia mbuzi wake, mwambie anakula vizuri kuliko sisi.

Nyumba imenyamaza. Sitakudanganya, sina nguvu tena za kudanganya. Asubuhi nilimwita mara mbili kabla ya kukumbuka. Halafu nikachota maji nikaloweka udongo, maana Bi Istahil anataka bakuli sitini kabla ya Pasaka na amesema anataka rangi ya kijani. Nitumie poda ya kijani. Nimechoka na manjano.

Lakini si hayo yaliyonikalisha hapa. Kuna jambo hukulisikia siku ile, kwa sababu ulikuwa jikoni na wanawake.

Watu wa Kambu walipoingia na mbuzi, wakasimama hapo uwanjani, mzee wao akauliza kama desturi inavyotaka, "Mama wa binti ni nani?" Nikainuka. Muthama naye akainuka, akiwa na fimbo yake. Alikuja, maana nyama haijawahi kumkosa. Akasema mbele ya wote, "Ngojeni kidogo. Huyu ni mama wa marehemu. Hawezi kuwa mama wa mume aliyekufa na tena mama wa mke anayeolewa. Achague."

Mutie alitazama chini. Nilimwona anashika ukingo wa kofia yake, nikajua anaogopa wataambiwa wageuze mbuzi wao.

Sikuwa nimejiandaa. Nilisema tu yaliyokuja. Nikasema, "Muthama, mimi nilizaa mtoto mmoja, wa pili nikaletewa akiwa mkubwa. Wa kwanza nilimzika. Wewe mwenyewe ulishika koleo. Wa pili yuko hapo jikoni anasonga ugali, mzima. Unataka nimzike huyo naye kwa sababu gani?"

Unamjua Muthama, si mtu wa kuomba radhi, na hakuomba. Alimwachia mtu fimbo yake, akaenda kwa wale wageni, akawatazama mbuzi meno na kwato kama anavyofanya sokoni. Kisha akazichukua kamba kutoka mkononi mwa Mutie, akawaongoza mbuzi mwenyewe hadi zizini, akawafunga mmoja mmoja.

Mama yako,
Muthoki